Dracula wa Lugosi au Dracula wa Lee: uanze na yupi?

Katika filamu ya Dracula ya mwaka 1931 huoni chonge hata moja. Mnyonya damu anayejulikana kuliko wote duniani anainama juu ya shingo ya mtu, joho lake jeusi linafunika, picha inakatika, na yaliyobaki unayamaliza mwenyewe kichwani. Miaka 27 baadaye, katika filamu yenye jina hilo hilo iliyotengenezwa Uingereza, mlango wa maktaba unafunguliwa kwa kishindo na mtu mrefu anasimama pale, macho mekundu kama makaa, damu imemchuruzika kutoka mdomoni hadi kidevuni. Hapo hubakiziwi cha kumalizia. Umeshaonyeshwa.

Wa kwanza ni Bela Lugosi, wa pili ni Christopher Lee. Anayetaka kuzionja filamu za kutisha za zamani, na hana muda wa kuangalia mia moja, hukutana na hawa wawili mapema sana, na huuliza aanze na yupi. Nimeulizwa hivyo na wapwa zangu, na jirani yangu, na kijana mmoja anayesoma sanaa za maonyesho chuoni. Sijawapa wote jibu moja. Filamu hizi mbili zinatisha kwa njia mbalimbali kabisa, na kinachomkosesha mmoja usingizi kinaweza kumfanya mwenzake asinzie pale pale kwenye kochi.

Niseme kwanza kwa nini hadithi hii haikunijia kama kitu cha ugenini. Sisi wa pwani tulikuwa na mnyonya damu wetu kabla hatujamwona wa kwenye sinema. Bibi yangu alituzuia kupita vichochoroni magharibi kwa neno moja tu: mumiani. Hakutueleza mumiani ana sura gani. Alisema tu kwamba anakamata watu na kuwatoa damu ya kutengenezea dawa, kisha akanyamaza, akaendelea kusuka ukili wake. Neno lenyewe limetoka Uajemi likapitia Bara Hindi kabla ya kutufikia, na asili yake ndiyo iliyowapa Wazungu jina la zile maiti za Misri zilizokaushwa na kuviringishwa sanda. Wakati wa ukoloni uvumi wa namna hiyo ulienea Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam mpaka Kampala. Watu waliamini kwamba wazimamoto na gari lao jekundu ndio wanaowinda damu usiku. Kule Katanga walikuwa na batumbula wao.

Bibi alinitisha kwa sauti na kwa kunyamaza. Mdogo wangu, aliyekuwa akikaa mkeka mmoja na mimi, hakuwahi kuogopa hadithi zile. Yeye mpaka aone. Tulipokua na kuanza kuangalia picha hizi, mimi nilimpenda Lugosi na yeye akampenda Lee, na mpaka leo hatujakubaliana. Ukijua wewe ni wa mkeka upande gani, nusu ya uchaguzi umeshaifanya.

Masikio na macho

Lugosi alizaliwa mwaka 1882 katika mji wa Lugos, uliokuwa Hungaria wakati huo na sasa uko Romania. Jina lake la kisanii alilitwaa kutoka kwenye mji huo. Aliigiza jukwaani Budapest, akapigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akajiingiza katika harakati za chama cha waigizaji, na mapinduzi ya 1919 yalipozimwa ikambidi akimbie nchi. Alifika Marekani mwishoni mwa 1920 akiwa na Kiingereza kidogo mno. Katika tamthilia yake ya kwanza kwa Kiingereza alikariri maneno kwa sauti zake tu, kama mtoto wa chuoni anavyohifadhi kabla hajajua maana. Mwaka 1927 alipata nafasi ya Dracula jukwaani Broadway, akaiigiza zaidi ya mara 250, na hapo ndipo Hollywood ilipomchukulia.

Historia hiyo unaisikia katika kila sentensi anayotamka. Anaweka neno, anasubiri, anaweka jingine. Msisitizo unaangukia mahali ambapo Mwingereza asingeuweka. Watu wengi wamemwigiza kwa kumchekesha hata tumesahau jinsi jambo lenyewe lilivyo zito ukilisikia kwenye filamu yenyewe: mtu anayesema maneno ya ukarimu kwa mwendo wa mtu ambaye haraka haimhusu, kwa kuwa hafi. Akimkaribisha mgeni wake Renfield ndani ya kasri lililooza, anapanda ngazi na kupita kwenye utando mkubwa wa buibui bila utando kukatika. Renfield, anayefuata nyuma, inambidi aupasue kwa fimbo. Hakuna anayepiga kelele. Mgeni anatazama utando, anamtazama mwenyeji, na adabu inamzuia kuuliza.

Kuna jambo la kukusaidia hapa ikiwa Kiingereza chako ni cha shuleni: Lugosi anaeleweka. Polepole yake na ufupi wa sentensi zake vinamfanya awe rahisi kufuatwa kuliko waigizaji wa Kiingereza wanaomzunguka. Jirani yangu niliyemtaja, ambaye kwa kawaida hawezi filamu isiyokuwa na sauti ya dijei wa kutafsiri juu yake, aliifuata sehemu yote ya kasri bila kuniuliza neno.

Halafu kuna ukimya. Filamu za sauti zilikuwa bado changa, na isipokuwa kipande cha Tchaikovsky mwanzoni na muziki wa ukumbini katika tukio moja, karibu filamu nzima haina muziki. Unasikia mlango, unasikia mbwa mwitu, unasikia mkwaruzo wa utepe wenyewe. Wapo wanaosema filamu imekufa kwa sababu hiyo. Mimi husikia nyumba usiku umeme ulipokatika, feni imesimama, na kila kitu kilichokuwa kimefunikwa na mvumo wake sasa kinasikika. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mtunzi Philip Glass aliiandikia muziki mpya wa fidla, na kuna nakala zinazokupa hiari ya kuuwasha. Usiuwashe mara ya kwanza.

Mpigapicha alikuwa Karl Freund, Mjerumani aliyekuwa amepiga Metropolis, na ndiye aliyeelekeza vimwanga vyembamba machoni pa Lugosi ili uso ubaki gizani na macho yang'ae. Dakika 20 za kwanza, kule kasrini, ni kazi ya mtu anayejua kivuli ni nini. Lakini niseme kweli, kwani napendekeza kwa watu wanaotoa muda wao: baada ya hadithi kuhamia London filamu inapungua nguvu. Inarudi kuwa tamthilia ya jukwaani ilikotoka. Watu wamesimama sebuleni, mmoja anachungulia dirishani na kuwaambia wenzake kwamba ameona mnyama mkubwa akikimbia uwanjani, nasi tunabaki tunamtazama anayesimulia. Kwa mtu kama mdogo wangu, hapo ndipo filamu inapomwacha.

Yeye apewe ile ya 1958.

Hiyo ilitengenezwa na kampuni ya Hammer katika studio ndogo ya Bray, kando ya mto Thames karibu na Windsor. Fedha hazikuwa nyingi. Ilikuwa desturi yao pale kubadilisha mapazia na samani ili chumba kimoja kiwe vyumba vinne. Mwandishi Jimmy Sangster alipunguza hadithi bila huruma. Safari ya meli hakuna. Renfield hayupo. Dracula hageuki popo, na mmoja wa wahusika anasema wazi kwamba hayo ni mambo ya uzushi. Hata Harker, ambaye katika kitabu cha Bram Stoker, hadithi hii ilikotoka, anafika kasrini kushughulikia ununuzi wa nyumba, hapa anafika kama mkutubi, na tunagundua mapema kwamba ana lake jambo. Yote yanakwisha kwa dakika 82 na hakuna tukio linalokaa zaidi ya haja.

Na ina rangi. Sijui nimwelezeje mtu aliyekulia kwenye simu ya rangi jinsi wekundu ule ulivyokuwa mshtuko kwa watu waliozoea Dracula wa nyeusi na nyeupe. Damu ya kwanza unayoiona inadondoka juu ya jeneza la jiwe wakati majina ya waigizaji hayajamalizika, nyekundu kama rangi ya kucha. Muziki wa James Bernard unapiga noti nzito zinazofuata silabi za jina lenyewe, Dra-cu-la, na ukishaambiwa hivyo huwezi tena kuusikia vinginevyo.

Lee anaingiaje? Unaona kivuli chake juu ya ngazi, mwembamba na mrefu kupita kiasi, na muziki unakuandaa kwa jitu. Kisha anateremka, tena haraka, kama bwana mwenye nyumba aliyechelewa kumpokea mgeni. Anajitambulisha. Anachukua sanduku la mgeni kwa mkono wake mwenyewe. Kiingereza chake ni cha mtu aliyelelewa vizuri, hakina ugeni wowote. Kwa dakika chache yeye ni kabaila mstaarabu mwenye shughuli zake, na ndiyo sababu ule mlango wa maktaba unapofunguka unashtuka. Baada ya tukio hilo hazungumzi tena mpaka mwisho. Maneno yake yote katika filamu nzima anaambiwa Harker, na jumla ya muda anaoonekana ni kama dakika saba. Saba tu kati ya 82, na ukitoka hapo unaapa ulikuwa naye muda wote.

Urefu wa mita 1.96 ulimsaidia. Waongozaji walikuwa wamemwambia kwa miaka kwamba ni mrefu mno kufaa kuwa mwigizaji, kwa sababu anawafunika wenzake. Hammer walimchukua wakitaka hasa mtu wa kuwafunika wenzake.

Kupambana naye

Ukitaka kuona tofauti ya filamu hizi kwa tukio moja moja, chukua mapambano na Van Helsing, yule msomi anayejua mnyonya damu ni nini na jinsi ya kumwangamiza.

Mwaka 1931 ni Edward Van Sloan, mzee mwenye miwani minene. Yeye na Dracula wamebaki wawili chumbani. Dracula ananyoosha mkono na kumwamuru asogee. Van Helsing anasogea hatua, na nyingine, uso umelegea kama wa mtu aliyelala. Halafu anasimama. Anarudi nyuma alikotoka. Hakuna aliyemgusa mwenziwe, na Lugosi anasema kwa sauti ya chini kwamba nia ya huyu bwana ina nguvu. Mimi nashika pumzi kila mara. Ni pambano la nafsi mbili, na kama umewahi kumwona mtu akisomewa mbele ya watu huku kitu ndani yake kinagoma kutoka, utalitambua.

Mwaka 1958 ni Peter Cushing, mwembamba, mwepesi, ana miaka 44 na anakimbia kama kijana. Dracula amemkaba, anaelekea kumng'ata. Cushing analegea kusudi, anaponyoka, anaparamia meza ndefu, anaikimbilia mbio zote, anarukia mapazia na kuyararua mpaka jua la asubuhi linamwagika ndani. Kisha anapachanisha vinara viwili vya mishumaa vikawa msalaba na kumsukumia mwangani. Wazo la vinara lilikuwa la Cushing mwenyewe. Ni miili miwili inafukuzana, samani zinaanguka, vumbi linatimka. Watoto wa dada yangu walisimama wima.

Hapa mdogo wangu ananishinda, nakiri. Umalizio wa 1931 ni hafifu mno: kigingi kinapigwa mbali na macho yetu, tunasikia mguno, basi. Baada ya nguvu yote ile ya Lugosi, kumtoa nje ya jukwaa kwa mguno ni kumdhulumu yeye na sisi.

Jambo jingine linalozitenganisha ni wanawake. Katika filamu ya Lugosi, Mina, mwanamke anayewindwa na Dracula, anaugua, anadhoofika, anatia huruma. Katika ya Lee, Mina wa Melissa Stribling anarudi nyumbani asubuhi baada ya usiku wake na Dracula huku ana tabasamu ambalo mumewe anashindwa kulisoma, na sisi tunalisoma. Hakuna uchi wala neno chafu, ila maana iko wazi kwa mtu mzima. Ukiangalia na wakwe, chagua Lugosi. Huko Uingereza, filamu ile ya 1958 iliwekewa alama ya kuzuia walio chini ya miaka 16. Leo sioni ubaya kijana wa miaka 13 akiiona pamoja na mkubwa wake, lakini mtoto wa miaka saba asipewe. Ya 1931 hata mtoto wa miaka kumi anaiweza, na akichoka atalala.

Joho lilivyowafanya

Baada ya Dracula wengi hutaka kuendelea na mwigizaji waliyempenda, na hapa ndipo chaguo lako litakapokupeleka safari mbili zisizofanana hata kidogo. Binafsi naona sehemu hii ndiyo kubwa kuliko filamu zenyewe.

Lugosi alilipwa dola 3,500 kwa kazi yote ya Dracula. Studio ilitajirika, yeye akabaki na joho. Kola yake ile ndefu iliyosimama ilibuniwa jukwaani ili mwigizaji aweze kujificha kichwa na kutoweka kupitia tundu sakafuni, na kwa namna fulani ndivyo ilivyomfanya Lugosi: ilimmeza. Mwaka huo huo wa 1931 nafasi ya kiumbe cha Frankenstein ilimwendea Boris Karloff, na tangu hapo Karloff ndiye aliyewekwa juu kwenye mabango. Lafudhi iliyompa Lugosi umaarufu ikamfungia milango ya kazi nyingine. Katika filamu ndefu alimwigiza Dracula mara mbili tu maishani. Ya pili ilikuwa mwaka 1948, katika vichekesho vya Abbott na Costello, na hata pale alisimama kwa heshima yake yote. Maumivu ya mwili yalimwingiza kwenye mofini, na mwaka 1955 alikwenda mwenyewe kuomba alazwe hospitali ya serikali California atibiwe uraibu, tena hadharani, wakati ambapo mastaa walificha mambo hayo. Alifariki Agosti 1956, akazikwa amevishwa joho la Dracula.

Ukimfuata, tafuta White Zombie ya 1932 na Son of Frankenstein ya 1939. Katika hii ya pili anaigiza Ygor, mzee aliyenyongwa akanusurika, shingo yake imevunjika na kuungana upande. Hana joho, hana ukabaila, na ni hodari kupita kiasi. Mtu akiniambia Lugosi alijua jambo moja tu, humwonyesha Ygor.

Lee alizaliwa London mwaka 1922, mama yake akitoka ukoo wa kikabaila wa Italia. Wakati wa Vita vya Pili alipelekwa Rhodesia ya Kusini kufundishwa urubani, macho yakamwangusha, akaishia idara ya upelelezi ya jeshi la anga huko Afrika Kaskazini na Italia. Alianza filamu mwaka 1948 na kwa miaka tisa alipewa vipande vya kupita: walinzi, maofisa, watu wa kusimama nyuma. Wasomaji wa pwani watapenda kujua kwamba kimojawapo ni Beyond Mombasa ya 1956, hadithi ya mgodi wa urani iliyopigwa kwa sehemu huku Kenya, na Lee yumo, bado hajawa mtu wa kuogopwa. Kama filamu ni dhaifu, na Waafrika ndani yake wamewekwa kama pazia la nyuma. Lakini ukimtazama pale ukijua kwamba mwaka unaofuata atakuwa kiumbe cha Frankenstein na mwaka wa pili yake atakuwa Dracula, unaona mtu aliyesimama mlangoni kwake mwenyewe na hajui.

Katika The Curse of Frankenstein ya 1957 hakupewa neno la kusema. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba alikwenda kulalamika kwa Cushing, na Cushing akamjibu kwamba ana bahati, maana yeye ameusoma muswada. Urafiki wao ukaanzia hapo, wakaonekana pamoja katika filamu zaidi ya 20.

Joho lilijaribu kummeza Lee vile vile. Hammer walimrudisha kwa Dracula mara sita zaidi hadi 1973, na nyingi hakuzipenda. Katika Dracula: Prince of Darkness ya 1966 hasemi neno hata moja, yeye alishikilia kwamba aliyakataa maneno kwa ubovu wake, Sangster akashikilia kwamba hakumwandikia. Lee alisema pia kwamba kampuni ilikuwa ikimkumbusha ni watu wangapi pale studioni watakosa riziki akikataa. Kwa hiyo alivaa, akaigiza, na kila mara akatafuta mlango wa kutokea.

Na alitoka. Hili ndilo linalonifanya, mimi mtu wa Lugosi, nimstahi Lee kwa moyo wote. Katika The Devil Rides Out ya 1968 alikuwa upande wa wema, na filamu hiyo yeye ndiye aliyewahimiza Hammer waitengeneze. Mwaka 1973 aliigiza The Wicker Man bila kulipwa, kwa sababu aliamini muswada wa Anthony Shaffer na fedha hazikuwepo. Ni hadithi ya polisi mcha Mungu anayefika kisiwa cha Uskoti kumtafuta msichana aliyepotea, na kukuta watu wakarimu, wenye nyimbo na maua, walioacha dini yake zamani. Lee ni bwana wa kisiwa, mchangamfu, mwenye sauti nzuri. Waliipiga picha katika baridi ya Oktoba na Novemba huku wakijifanya ni majira ya kuchipua, wakabandika maua kwenye miti. Hakuna chonge, hakuna giza. Karibu yote hutokea mchana kweupe, na mwisho wake haunitoki.

Baadaye alikuwa adui wa James Bond mwaka 1974, na mwaka 1998 akamwigiza Muhammad Ali Jinnah katika filamu iliyopigwa Pakistan. Kazi hiyo alisema mara nyingi kuwa ndiyo muhimu kuliko zote alizofanya, na ukiona mtu aliyeanza bila maneno akibeba hotuba za mwanzilishi wa taifa unaelewa kwa nini. Kizazi cha leo kinamjua kama Saruman, yule mchawi wa The Lord of the Rings. Alipewa hadhi ya Sir mwaka 2009, akafariki Juni 2015 akiwa na miaka 93, bado anafanya kazi.

Basi yupi

Ukiwa peke yako, usiku, unaweza kuzima taa na kuvaa visikizio, na hadithi za utotoni bado zina nafasi ndani yako, anza na Lugosi. Ipe saa moja na robo bila kushika simu. Ukifika London ukaanza kuchoka, vumilia mpaka tukio la Van Helsing na mkono ulionyooshwa. Baada ya hapo ukiacha sitakulaumu. Mwenye hamu ya kujifunza jinsi filamu zinavyotengenezwa aongeze na ile ya Kihispania, iliyopigwa usiku katika majengo yale yale baada ya kina Lugosi kwenda kulala. Mwigizaji wa Dracula ni Carlos Villarías. Kamera yake inatembea vizuri kuliko ya Kiingereza, nayo ni ndefu kwa karibu nusu saa. Pengo lake ni moja, yeye si Lugosi.

Mkiwa wengi sebuleni, vijana wamo, kuna bisi na kelele, weka ya Lee. Haichoshi, inaeleweka hata ukikosa nusu ya mazungumzo, na mbio za mwisho ni za kuangaliwa kwa pamoja. Kijana wa sanaa za maonyesho nilimwambia aangalie zote mbili siku mbili mfululizo, akianza na 1931, ashike kalamu aandike kila mahali ambapo mwigizaji ananyamaza. Alirudi na karatasi tano.

Ukimaliza Lee wa 1958, ruka moja kwa moja hadi The Devil Rides Out, kisha The Wicker Man. Zile za Dracula za miaka ya 1970 ziache kwa sasa. Anayetaka Lee akijaribu kuwa mwaminifu kwa kitabu kuna filamu ya Jess Franco ya 1970, ambamo Dracula anaanza mzee mwenye masharubu na kurudi ujanani kadiri anavyokunywa. Filamu ni goigoi, ila uso wa Lee ndani yake unastahili.

Kuhusu nakala. Ya 1931 itafute iliyosafishwa, kwa kuwa zile za zamani mkwaruzo umefunika sauti, na sauti ndiyo unayoiendea. Ya 1958 hakikisha ni iliyokarabatiwa na kutolewa tangu 2013. Katika hifadhi ya filamu Tokyo kulipatikana mikanda yenye sekunde ambazo wakaguzi wa Uingereza walizikata, na zimerudishwa mahali pake, karibu na mwisho, jua likiwa limeshaingia ndani. Lee anapandisha mkono usoni, vidole vinashuka polepole, na ngozi inafuata vidole.